Nyasi za Semuliki na muhako wa shamba

Wenzangu katika kijitabu hiki wameandika juu ya mahari, juu ya majina ya watoto na juu ya matanga. Mimi nimechagua kuandika juu ya nyasi. Msomaji asicheke. Kwetu Bayira shamba na nyasi vilikuwa kama ndugu wawili wa nyumba moja: mmoja akitoka mwingine anaingia, na baba yao ni yule yule. Leo hawa ndugu wameachana, na ugomvi wao umeingia mpaka ndani ya jamaa yetu. Kwa hiyo nitaeleza mambo ya jamaa yetu pia, ijapokuwa si vizuri sana kuanika mambo ya nyumbani barabarani.

Sokulu wangu, ndiye baba wa baba yangu, alikuwa mtu wa Malio, katika sheferi ya Bashu, teritwari ya Beni. Nyumba yake ilikuwa upande wa Kyondo, pale ambapo mlima unakatika ghafula na, ukisimama asubuhi wakati ukungu umeondoka, unaona Ziwa Edouard kule chini likingʼaa kama bati jipya. Alilima maharagi, mahindi, viazi na ulezi kidogo wa pombe. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, wa Butembo, lakini kila likizo kubwa tulipelekwa kwake, na kazi yetu watoto ilikuwa kuchunga mbuzi. Tulichunga kwenye mashamba yaliyolala.

Neno hili "kulala" nalitumia kama alivyolitumia yeye. Akiona maharagi yametoa maganda mawili matatu tu kwa shina, na ile nyasi ngumu ya kuezekea nyumba imeanza kuchomoza kati ya mistari, alikuwa anasimamisha jembe na kusema: "Udongo umechoka. Tuuache ulale." Hapo shamba liliachwa miaka mitatu, mine, wakati mwingine zaidi, kadiri ya midomo ya kulisha na kadiri ya mteremko. Katika muda ule majirani waliingiza mbuzi wao bila kuomba ruhusa. Mwenye kujenga nyumba alikata nyasi za paa. Wanawake waliokota kuni ndogo na majani ya dawa. Lakini hakuna aliyethubutu kutia jembe. Pembeni ilisimama ile mimea ya mpaka, yenye majani marefu, ambayo ukiikata inaota tena, na kila mtu aliijua ni ya nani. Kwa kifupi: nyasi zilikuwa za wote, udongo ulikuwa na mwenyewe.

Na huyu mwenyewe, kusema kweli, hakuwa sokulu. Alikuwa shefu wa udongo, ambaye naye alipata mlima kutoka kwa mkubwa wake, mpaka kufika kwa mwami. Sokulu alikuwa anatoa muhako. Vijana wa leo wanafikiri muhako ni kodi. Ni kodi, lakini si kodi tu. Kila mwaka baada ya mavuno alibeba kikapo cha maharagi na kuku, mara nyingine kibuyu cha pombe, na miaka fulani mbuzi, akapeleka kwa shefu. Alipeleka hata kwa kile kipande kilicholala, ambacho hakikumpa kitu. Nilimuuliza siku moja sababu gani anatoa kuku juu ya nyasi. Akanijibu kwamba shefu aliyekula kuku yako hawezi kukuambia kesho kwamba hakujui. Kumbe kuku yule hakuwa malipo ya mavuno. Alikuwa ni namna ya kumfunga shefu.

Randall Packard, mwanahistoria Mmarekani aliyeandika juu ya Bashu kitabu kilichotoka mwaka 1981, anaonyesha kwamba kwa wazee wetu dunia ilikuwa na pande mbili, upande wa makao na mashamba, na upande wa pori. Afya ya nchi, mvua na chakula, vilitegemea namna wakubwa walivyotawala mahali pande hizo mbili zinapokutana. Mwami mzuri alikuwa mtu anayejua kuweka pori mahali pake bila kulifukuza kabisa, maana dawa, nyama na nguvu za nchi vilitoka huko. Nilipokisoma kitabu kile nilikuwa tayari mwalimu, na niliona haya kidogo kwamba mgeni ndiye aliyenieleza jambo ambalo sokulu alikuwa analifanya mbele ya macho yangu kila msimu.

Sitaki lakini kuipaka mila rangi nzuri kuliko ilivyokuwa. Muhako uliharibika. Kuku akawa mbuzi, mbuzi akawa ngʼombe, na mashefu wengine walianza kuuzia matajiri wa mjini milima yenye watu juu yake. Shamba lililolala njo lilikuwa la kwanza kuuzwa, juu ya kwamba mnunuzi alikuta nyasi tu na kusema hapa hakuna mtu. Wakulima walijifunza kutolaza tena udongo: afadhali upande muhogo mbovu kuliko kuonyesha nyasi. Sendika ya wakulima ya Butembo, SYDIP, imepoteza nguvu nyingi katika mabishano ya namna hiyo. Ukiona leo milima ya Lubero na Bashu imelimwa mpaka kwenye miteremko ambapo hata mbuzi anateleza, usifikiri ni wingi wa watu peke yake. Ni hofu ya nyasi pia.

Sasa tushuke bondeni, maana ugomvi wetu uko huko.

Bonde la Semuliki, toka Ishango ambapo mto unatoka ziwani mpaka kuelekea Rwenzori, halikuwa pori tupu. Wazee wetu walipita pale wakienda Katwe, ngʼambo ya pili, kutafuta chumvi. Walibeba vyakula vya mlimani wakarudi na chumvi. Kando ya ziwa kulikuwa na vijiji, wavuvi, wachunga ngʼombe na mashamba. Mama wa sokulu alizaliwa huko na alizikwa huko. Halafu ukaja ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbungʼo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Wabelgiji iliwaondoa watu bondeni ili, kwa maneno yao, kuwaokoa. Jamaa yetu ilipanda mlima na vyungu na mbuzi. Waliambiwa, au walielewa hivyo, kwamba ugonjwa ukiisha watarudi.

Kwa mawazo ya Kiyira nchi ile ilikuwa imelazwa. Walitazama toka juu, wakaona nyasi zinafunika mahali pa nyumba, hawakushangaa. Ndivyo nyasi zinavyofanya. Lakini huku juu ya makaratasi mambo mengine yalikuwa yanatendeka. Parc Albert, pariki ya kitaifa ya kwanza katika Afrika yote, iliundwa tarehe 21 Aprili 1925 upande wa volkano. Mu 1929 ikapanuliwa kufika tambarare za Rutshuru na ziwa. Mu 1935 ikapanuliwa tena, ikachukua Semuliki na mteremko wa Rwenzori. Waliporudi kuuliza, udongo wao uliolala ulikuwa umepata mwenyewe mwingine, na huyu hakutaka kuku. Kanuni ya pariki ya wakati ule ilikuwa kwamba asili iachwe yenyewe kabisa, bila mkono wa mtu. Walibaki wavuvi katika vijiji vichache vilivyoruhusiwa; leo vinajulikana vitatu, Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge yetu.

Baada ya uhuru jina lilibadilika, 1969 ikawa Virunga, na mlinzi akawa Institut Congolais pour la Conservation de la Nature, ICCN. Mu 1973 sheria ya ardhi ikasema udongo wote wa nchi ni mali ya taifa, si wa pariki peke yake. Mu 1979 UNESCO ikaandika Virunga katika urithi wa dunia. Hivi mama wa sokulu amelala katika urithi wa dunia. Heshima kubwa, lakini hakuna aliyemuuliza.

Vita vilipoingia miaka ya 1990, mlinzi akawa dhaifu na watu wakashuka. Baba mdogo, mdogo wa baba yangu, alishuka mu 1999. Hakushuka kama mwizi. Alikwenda mahali baba yake alipomwonyesha kwa kidole toka juu ya mlima, akatafuta ile mimea ya mpaka, akasema ameikuta miwili. Mimi sikuamini sana, baada ya zaidi ya miaka 60, lakini sikuwa pale. Alifyeka, akachoma, akapanda mahindi.

Msimu wa kwanza tulipokea mifuko Butembo mpaka tukagawia majirani. Wa pili vilevile. Wa tatu mvua ilichelewa. Bondeni mvua ni chache kuliko kwetu juu, na jua lile si mchezo. Wa nne ile nyasi ngumu ilianza kuchomoza kati ya mistari. Usiku viboko na nyati waliingia, mchana nyani. Baba mdogo alilala katika kibanda na tochi na sufuria ya kupiga. Udongo ule ulikuwa umetunza nguvu ya miaka 60, akaila mu miaka mine.

Na hakuwa peke yake. Wakati ule ule wachunga Basongora kutoka Uganda walikuwa wameingia na ngʼombe wao bondeni, wakakaa huko miaka kadhaa. Mu 2006 walirudishwa kwao, elfu nyingi za watu na mifugo, wakaenda kukaa katika pariki ya Queen Elizabeth, na serikali ya Uganda ikalazimika kuwatafutia mahali pengine. Wenye bunduki wa kila rangi nao walikuwa wanaua viboko kwa nyama na meno. Pariki ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000 katika miaka ya 1970. Hesabu ya 2005 haikufika hata 1,000. Wavuvi wa Kyavinyonge walianza kulia kwamba samaki wamepungua. Watu wengi hawaunganishi mambo haya mawili. Kiboko anakula nyasi nchi kavu usiku, karibu kilo 40, mchana anarudisha mavi yake ndani ya maji, na mavi hayo yanalisha vidudu na majani ambayo tilapia anakula. Nyasi, kiboko, samaki, sufuria ya Butembo: ni mnyororo mmoja. Kiboko pia ndiye anayekata nyasi zikabaki fupi na laini. Akikosekana, zinapanda ndefu na vichaka vinafuata. Bila shaka wavuvi wenyewe walikuwa wengi kupita kiasi na nyavu zao zilikuwa za matundu madogo. Lakini mnyororo ulikuwa umekatwa pia.

Basi mu 2007 ilikuwa inasemwa kila mahali kwamba mipaka ya zamani itarudishwa na kila aliyelima ndani atatoka. Baba mdogo alipanda Butembo kuuliza jamaa. Tulikaa kwetu, watu tisa, jioni, umeme hakuna, taa ya petroli katikati. Wengi walisema abaki: ni udongo wa wazee, na walioko ndani ni wengi, hawatatoa wote. Mimi nilikuwa nimesoma, na katika jamaa zetu mwenye kusoma anangojewa aseme mwisho. Nikasema atoke. Nikaeleza viboko, samaki, mvua, udongo uliochoka. Nikasema: shamba hili lenyewe limekwisha kukuambia lilale, kama alivyokuwa anasema sokulu.

Akanitazama sana. Halafu akasema, naandika kama alivyosema:

"Mutoto yangu, wee unasoma tu bitabu. Baba alikuwaka analaza shamba juu alijua atarudia. Na mbuzi yetu ilikuwa inakula pale. Ile nyasi ya pariki nani anaikulaka? Mbuzi yangu ikiingia banaikamata. Mama wa baba iko kule, siwezi hata kufyeka kaburi. Ile haiko kulala, mwalimu. Ile ni kufa."

Sikuwa na jibu, nikajibu tu. Nilisema sheria ni sheria. Neno baya hilo, mpaka leo linanirudia. Jamaa ikanifuata mimi, si yeye.

Alitoka kabla ya kutolewa. Na kwa kuwa huku juu hakuna hata upana wa mkeka usiokuwa na mwenyewe, alikwenda Beni, akapata kipande upande wa Mayangose. Wasomaji wa Beni wanajua nini nitasema. Hata huko mpaka wa pariki unabishaniwa. Alikuwa ametoka katika pariki kwa mlango mmoja akaingia tena kwa mwingine. Alilima, udongo ulikuwa mzuri, alituma ndizi. Halafu ikafika Oktoba 2014 na yale mauaji yaliyoanza kule. Alikimbia mara ya kwanza, akarudi, akakimbia tena. Mwaka 2016 mtoto wake wa tatu alikwenda shambani kutafuta chakula na hakurudi. Hatujajua mpaka leo ni nani aliyemchukua. Baba mdogo anaishi sasa kwetu Butembo, katika chumba cha nyuma. Ameotesha lenga-lenga katika ndoo za rangi zilizopasuka. Hajaniambia hata siku moja kwamba ni mimi niliyemtuma Beni. Ningependa aniambie.

Mu 2021 nilishuka Kyavinyonge na motari, kwa njia ya Kyondo, kumsindikiza rafiki aliyekuwa na shauri la samaki. Asubuhi ya pili niliomba mvuvi mmoja mzee anionyeshe upande ule, na tulisimama mahali panaporuhusiwa. Hakuna mtu aliyepanda hata jani moja pale, lakini nyasi zimerudi zenyewe. Mzee alinieleza namna zilivyorudi: mwaka wa kwanza magugu ya shambani, yale yanayoshika suruali, halafu ile nyasi ngumu, ikafunika kila kitu miaka kadhaa, halafu, karibu na maji ambapo viboko wameongezeka tena kidogo, nyasi fupi laini, kama zimekatwa na coupe-coupe. Mbali na maji vichaka vinapigana nazo. Kati yake niliona mmea wa mpaka, mmoja, umesimama. Sijui kama ni wetu.

Nyasi kurudi zenyewe si jambo la kushangaza. Ngʼambo ya ziwa, Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu walipunguza viboko waliokuwa wengi mno kwenye rasi ya Mweya, na udongo uliobaki uchi ukavaa nyasi tena. Na kwa upande wetu, mu 2020 mamia ya tembo walivuka kutoka Queen Elizabeth wakaingia tambarare ya kusini mwa ziwa. Walivunja vichaka, na nyasi zikapata jua. Kumbe nyasi nazo zina wafanyakazi wake. Kiboko mmoja akizidi, au akipungua, au moto ukipita vibaya, zinageuka kitu kingine. Nchi yenye nyasi ni kazi ya kila siku, ni kama nyumba: ukiifunga ufunguo ukaondoka, unakuta pori. Wale waliosema asili iachwe bila mkono wa mtu hawakuelewa hilo, sokulu alilielewa.

Kuna nchi nyingine ambapo serikali ilifanya kwa makusudi kile ambacho hapa kimefanyika kwa kusukumana. Marekani, katika miaka ya 1930, wakulima walikuwa wamelima tambarare kavu ambazo hazikufaa jembe. Ukame ukaja, udongo ukapeperuka, tufani za vumbi zikafunika miji. Serikali ikanunua mashamba yale mabovu, jumla karibu hekta milioni 4.5, sheria ya 1937 ikaimarisha kazi hiyo, na mahali pengi wakapanda nyasi upya. Mu 1960 sehemu ya nchi hiyo ikapewa jina la nyasi za taifa. Leo ziko 20, karibu hekta milioni 1.5. Sisemi kwamba kule ni paradiso. Udongo ule ulichukuliwa kwanza kutoka kwa wenyeji wa asili, na hao hawakulipwa kama wakulima. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza walinunua: mtu alitoka na franga mkononi. Pili, majirani wanaingiza ngʼombe wao pale kwa kibali, kwa hesabu, na wanalipa. Nilipomsomea baba mdogo habari hii, alikuwa anasafisha mchele. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe nao bako na muhako."

Neno lake lilinifungua macho kuliko vitabu vyangu vyote. Mimi katika 2007 nilikuwa nimebishana juu ya nyasi, na yeye hakuwa akibishana juu ya nyasi hata kidogo. Alijua udongo umechoka. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameamua moyoni kuuacha hata kabla ya kupanda Butembo. Alikuja kuuliza ni nani atapokea kuku. Alitaka kutoka kama mtu anayelaza shamba, akiwa na shahidi, akiwa na neno, mpaka ukijulikana, kaburi likijulikana, na haki ya wajukuu kukata nyasi za paa wakati wa kiangazi. Mimi nikampa sheria.

Wengine watasema muhako umekwisha kurudi kwa namna nyingine. Mutwanga kuna umeme tangu 2013 kutoka kwenye maji ya pariki, kuna kiwanda cha sabuni na cha chokoleti. Luviro, huku Lubero, bwawa lingine limejengwa. Siyapuuzi haya, maana mimi nimesoma kwa taa ya petroli miaka 40. Lakini umeme ni kitu unachonunua. Anayenunua hafahamiani na anayeuza. Mtu wa Malio akilipa mita yake hawi amekumbukwa na yeyote kuwa ni mtu wa Malio. Sheria ya uhifadhi ya tarehe 11 Februari 2014 inataja wenyeji na ushirika wao, na mimi nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ambapo kuku anaweza kuingia. Naona pako, kama wenye kuitumia wakitaka. Kuandika majina ya jamaa zilizotoka bondeni, mlima kwa mlima, wazee wangali hai. Kuweka siku katika mwaka za kwenda makaburini pamoja na walinzi. Kuruhusu kukata nyasi za paa pembezoni, kwa hesabu, ambako pia kunapunguza moto. Na kila mwaka shefu, walinzi na jamaa wakutane mahali pamoja, kitu kitolewe na kipokelewe, hata kama ni kikapo cha maharagi. Walinzi wenyewe wengi ni watoto wa nchi hii, na wengi wamekufa katika kazi yao. Sidhani wangekataa kula maharagi na sisi.

Watu wa Butembo wataniuliza: na vita? Na wenye bunduki walioko ndani ya nyasi hizo hizo? Ni kweli, leo mtu akisema habari ya kukata nyasi za paa bondeni anaonekana hana akili. Lakini vita havikuanza mambo haya, na vikiisha vitayakuta pale pale.

Mwezi uliopita baba mdogo aliingia chumbani mwangu jioni akakaa juu ya kitanda, kitu ambacho hafanyi. Akasema anazeeka na anataka kufyeka kaburi la mama wa baba yake mara moja kabla hajafa. Akasema niandike barua, juu mimi njo niko na maneno ya wakubwa. Nilichukua karatasi palepale. Tuliandika jina lake, Malio, sheferi ya Bashu, mwaka ambao watu waliondolewa kadiri anavyokumbuka kusikia, na kwamba hataki kulima, hataki kujenga, anataka siku moja, na panga la kufyekea tu. Halafu tukafika pale juu, upande wa kulia, ambapo panaandikwa barua inakwenda kwa nani. Yeye alisema iende kwa mwami. Mimi nilisema kwa mkubwa wa pariki. Tulibishana mpaka mama akatuita kula bukari.

Mwishowe tumeandika barua mbili, maneno ni yale yale. Hazijaondoka bado; motari wa Kyondo anasema atapita Alhamisi. Kuku amekwisha kununuliwa, jogoo mwekundu, amefungwa nyuma ya jikoni, na kila asubuhi baba mdogo anampa punje za mahindi na kumfokea kwamba asizoee nyumba.